Kuku sita nyuma ya nyumba: mayai ya familia bila jogoo

Kwa familia ya kawaida, kuku sita wanatosha. Wakiwa wa mayai hasa, aina ya Isa Brown au Lohmann Brown, wakishakolea kutaga watakupa karibu trei moja kwa wiki. Maelekezo haya ni ya joto la pwani, Dar mpaka Tanga. Aliyeko kwenye baridi ya Njombe azibe banda zaidi kuliko nisemavyo hapa.

Hatua ya 1: Banda kwanza, kuku baadaye

Mita moja kwa moja na nusu inawatosha sita, na wakipata kiuwanja cha kuparura ndiyo vizuri zaidi. Urefu wa banda ulale mashariki-magharibi, jua la asubuhi na la jioni lisiwachome ndani. Chini jenga kozi mbili tatu za matofali, juu wavu wa matundu madogo, maana kicheche hupenyeza mkono na kumvuta kuku kichwa akiwa nje. Juu ya bati tandika makuti.

Sakafuni mwaga maranda au pumba za mpunga, kina cha vidole vinne. Panapolowa, zoa palepale siku hiyohiyo. Harufu inayoleta ugomvi na majirani inaanzia hapo. Viota viwili vya sentimita 30 kila upande vinatosha. Viweke chini kuliko fito za kulalia, la sivyo watalala kiotani na kila yai litatoka na kinyesi.

Hatua ya 2: Nunua matetea, achana na vifaranga

Hapa najua nitabishiwa. Kifaranga ni bei rahisi, lakini anataka joto la taa au jiko la mkaa wiki za mwanzo, anataka chanjo kwa ratiba, na utamlisha zaidi ya miezi minne hujaona yai hata moja. Tetea wa wiki 16 bei yake inauma mara moja tu. Muuzaji akuonyeshe kumbukumbu za chanjo: kideri, Gumboro, ndui. Hana? Ondoka.

Jogoo wa nini? Kuku hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika ukitaka vifaranga. Kuku chotara wa Kuroiler na Sasso ni wazuri kwa nyama na mayai pia, ila hawawafikii Isa na Lohmann kwa kutaga. Kienyeji akitaga dazeni hivi, anaatamia na biashara imeisha.

Hatua ya 3: Chakula, chokaa na maji

Kila kuku anakula gramu 120 hivi kwa siku, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 wa chakula cha kuku wa mayai unawachukua sita miezi miwili na ushee. Uweke juu ya mbao, usigusane na saruji. Mchicha na matembele wape, ugali uliobaki kidogo tu. Mahindi yaliyoota ukungu usiwape hata kwa kuonja, yana sumukuvu.

Ganda la yai hujengwa zaidi usiku, hivyo jioni weka kibakuli cha chokaa ya mifugo au maganda ya chaza yaliyopondwa. Mayai yakianza kuwa na ganda laini, anza kukagua hapo kabla ya kukimbilia dawa.

Maji yasikauke kabisa. Kuku akikosa maji mchana mmoja wa jua kali, mayai yanaweza kupungua kwa siku kadhaa. Chombo kikae kivulini na kisuguliwe kila asubuhi.

Hatua ya 4: Tone la kideri

Chanjo ya kideri ya kudondosha jichoni, iitwayo I-2, hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, na hurudiwa kila miezi mitatu. Iweke kwenye baridi na usiipige jua. Mwenzako amshike kuku ubavuni, jicho moja likitazama juu. Shika chupa wima kabisa, kwani ukiilaza tone linakuwa dogo. Tone moja, jicho moja. Usimwachie kuku mpaka apepese na tone lizame. Wachanje wote siku moja, na wawe wazima. Chanjo haitibu mgonjwa.

Hatua ya 5: Nani anakula bure?

Mayai yakipungua, washike usiku wakiwa kwenye fito. Papasa mifupa miwili ya nyonga chini ya mkia. Anayetaga, vidole viwili au vitatu vinapita katikati, na tundu lake la kutagia ni pana na lina unyevu. Asiyetaga, hata kidole kimoja kinabanwa. Ila tazama na manyoya: akiwa ananyonyoka amepumzika tu, mpe miezi miwili mitatu. Asiyenyonyoka, ametimiza miaka miwili na nyonga imebana, huyo mtafutie nazi na ndimu.