Kwenda town na watoto wadogo hapa Kisumu, vile mimi hufanya

Wazazi wenzangu, kama uko na mtoto wa chini ya miaka tano na Jumamosi unataka kupitia soko, kliniki, fundi wa nguo na bado umtafutie viatu, tafadhali usijaribu kumaliza zote safari moja. Mimi niko na wawili, msichana wa miaka nne na kijana wa mwaka moja na nusu, na siku hizi napanga vitu viwili tu, ya lazima inaanza, ile ingine ni kama bado wana nguvu. Wangu hukaa poa masaa matatu hivi, ikipita hapo ni kilio na hakuna bei utapatana vizuri na mtu analia mgongoni.

Toka mapema. Jua la huku mnalijua, ikifika saa tano hata mtu mzima anatafuta kivuli, halafu alasiri mawingu yanaanza kujikusanya na mvua ikishika, soko yote ya Kibuye inakuwa matope. Sisi saa mbili asubuhi tuko stage na saa tano tunarudi.

Wakule nyumbani kwanza, uji mzito na kitu ya kushikilia tumbo, juu mtoto mwenye njaa ataitisha kila kitu anaona barabarani. Ya kubeba iwe kitu haimwagiki, ndizi ama viazi vitamu vya kuchemsha viko sawa. Njugu usimpee mdogo, saa zote lakini sana sana kwa gari, breki moja tu inaweza kumkaba.

Kwa begi usikose leso mbili. Moja ya kumbebea, ya pili ndio mkeka, blanketi, pazia ya kunyonyesha na mahali pa kubadilishia nepi. Tangu juala zipigwe marufuku 2017 nguo chafu zilikuwa zinanisumbua sana, sasa nabeba ule mkebe mkubwa wa siagi wenye kifuniko, nguo iliyolowa inaingia hapo na harufu haitoki. Na coins za choo ziwe mfukoni, si ndani kabisa ya begi, mtoto akisema "mama susu" uko na dakika moja.

Usafiri mimi ni tuktuk. Patana bei kabla hujaingia, mkubwa akae katikati, si pembeni kwenye kuko wazi. Boda naogopa na watoto wawili, na hata kama ni mmoja jamani asikaliswe mbele kwa tangi, mkigongwa yeye ndiye wa kwanza kurushwa. Kwa matatu mwambie konda mapema kwamba huyu nampakata, msianze kubishana juu ya nauli mkishuka.

Hii sasa ndio nataka mshike sana. Jumapili moja Kibuye, unajua vile hiyo siku soko hufurika, niliinama kuchagua sweta za mitumba, kuinuka msichana hayuko. Ilikuwa kama dakika tano lakini miguu yangu ilikuwa imekufa. Nilimpata amekaliswa kwa gunia na mama anauza omena, amepewa ndizi, na huyo mama akaniambia nimemuuliza mamako anaitwa nani, akasema "anaitwa Mama." Nililia hapo hapo. Tangu hiyo siku anajua majina yangu yote mawili na ya baba yake, na kabla tutoke namwandikia namba ya simu kwa mkono ndani na biro, anavaa shati ya rangi kali, na nimemfundisha akiniona sipo asitembee, asimame aite jina langu, na kama lazima aombe msaada aende kwa mama mwenye meza yake ya kuuza, asifuate mtu anapita tu. Tunafanyanga mazoezi nyumbani kama mchezo.

Kliniki ni rahisi zaidi, beba kile kitabu cha mama na mtoto, mvalishe suruali inapanda haraka juu sindano nyingi ni za paja, na umnyonyeshe akishadungwa.

Siku ya kutembea tu, Impala Sanctuary, ile mbuga ya wanyama ya hapa Kisumu, ni pazuri kwa watoto, lakini chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi kwa mbuga tangu Juni 2020, so weka maji kwa ile ya kujazia. Malipo si cash, hakikisha simu iko na chaji. Na chakula ificheni, tumbili wa hapo wananyakua kutoka mkononi mwa mtoto na anaweza kukwaruzwa.

Samaki nunua mwisho kabisa, ukiwa tayari kupanda tuktuk, umwambie mama akuparie magamba hapo hapo, ukifika nyumbani na watoi wamelala mabegani unaweka kwa sufuria moja kwa moja.