Kupima kama Gari Dogo la Kispoti Linastahili Bei Yake: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Malindi

Anayetamani gari dogo lenye spoila, rimu nyeusi na bampa iliyochongoka aanze kwa kuuliza bei ya gari la kawaida la modeli hiyo hiyo, la mwaka huo huo, lililotembea kilomita zinazokaribiana. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo gharama ya uspoti, na hiyo ndiyo ya kupimwa. Bei nzima haitamwambia kitu, kwa sababu sehemu yake kubwa ni ushuru, nauli ya meli na faida ya mwenye yadi, mambo ambayo angeyalipia hata kwa gari lisilo na urembo wowote.

Kisha aitafute injini, wala asitosheke na maandishi ya mlangoni. Nissan Note ya toleo la E12 inafundisha vizuri: ile iitwayo Nismo (jina la magari ya kispoti ya Nissan) peke yake ina injini ya lita 1.2 yenye supachaja, yaani pampu inayoisukumia injini hewa zaidi, aina ya HR12DDR, ya nguvu farasi 98, ambayo ndiyo iliyomo pia katika Note za kawaida zenye supachaja, ilhali Nismo S ina injini ya lita 1.6, HR16DE, ya nguvu farasi 140 na gia tano za mkono. Asiyezoea magari hayo hawezi kuyatofautisha kwa kuyatazama tu. Suzuki nao walitoa Swift RS ya nguvu farasi 91 na Swift Sport ya lita 1.4 yenye tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini), ya nguvu farasi 140; kwa toleo lililoanza mwaka 2017, Sport hutambulika kwa namba ya chesisi inayoanza na ZC33S. Namba hiyo isomwe kwenye chesisi yenyewe, kisha ilinganishwe na iliyo kwenye logbuku.

Nguvu farasi bila uzito haina maana. Gawanya kilo za gari kwa nguvu farasi zake, na jibu likiwa dogo gari ni jepesi kwa injini yake. Swift Sport ya gia za mkono ina kilo 970, hivyo kila farasi anavuta kama kilo 6.9, ilhali RS, yenye takriban kilo 870, inafikia kilo 9.6. Sasa pakia watu wazima wanne wenye jumla ya kilo 280, kama familia inayokwenda harusini Mombasa: Sport inakuwa 8.9 na RS inakuwa 12.6. Maana yake ni kwamba Sport iliyojaa watu bado ni nyepesi kwa injini yake kuliko RS tupu, na kwa maoni yangu hiyo ni tofauti inayostahili kulipiwa.

Inastahili kwa sababu ya barabara tuliyo nayo. Kati ya Malindi na Kilifi njia ni moja ya kwenda na moja ya kurudi, na anayefuata lori kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hahitaji gari la kukimbia kilomita 200 kwa saa, hasa ikizingatiwa kwamba sheria inamruhusu 100 katika barabara ya aina hiyo na 50 mjini. Anachohitaji ni kutoka 60 hadi 90 upesi, alipite lori na kurudi upande wake. Basi gari lijaribiwe hivyo, mahali palipo wazi na salama, likiwa na abiria na kiyoyozi kimewashwa, maana hakuna anayeendesha bila kiyoyozi mwezi wa Februari. Abiria mmoja ashike saa, na gari la kawaida lijaribiwe vivyo hivyo siku hiyo hiyo. Tofauti isiposikika mgongoni, hata saa haina haja ya kuangaliwa.

Matairi ndiyo sehemu ambayo wengi huisahau. Swift Sport huvaa 195/45R17, yaani tairi lina upana wa milimita 195 na ukuta wake ni asilimia 45 ya upana huo, kimo cha milimita 88 hivi, ilhali tairi la 175/65R15 lina takriban milimita 114. Milimita hizo 26 ndizo zinazoikinga rimu isipinde kwenye mashimo na matuta. Tumbo la Sport nalo liko milimita 120 tu kutoka ardhini, kwa hiyo mwenye nyumba ya ndani, kwenye njia ya mchanga au ya matumbawe, aende na gari hadi mlangoni kwake kabla ya kulipa hata arubuni. Bei ya tairi moja la saizi hiyo iulizwe Malindi kwenyewe. Likiwa haliko dukani na ni la kuagizwa Mombasa, muda huo wa kungoja uhesabiwe kuwa gharama.

Injini ya tabo, kwa upande wake, huhitaji oili iliyoelekezwa na kiwanda, ibadilishwe kwa wakati, na huko Japani Swift Sport hupendekezewa petroli ya okteni ya juu. Muuzaji aulizwe gari lilikuwa likitiwa mafuta gani, na rekodi za huduma zionekane. Bima kubwa nayo hukokotolewa kwa thamani ya gari, hivyo tofauti ile ya bei italipiwa tena kidogo kidogo kila mwaka.

Ikiwa injini, breki na springi ni zile zile za gari la kawaida, usikubali kulipa zaidi ya thamani ya rimu na bampa vikinunuliwa peke yake kwa wauza spea. Ikiwa injini ni nyingine na jaribio la 60 hadi 90 limelithibitisha hilo, nyongeza ni halali, na kilichobaki ni kupatana bei.