Tabo Inunuliwe Mwisho: Kukusanya Spea Kidogo Kidogo Ukiwa Tanga

Gari yangu ni Starlet Glanza, injini ya 4E-FTE, cc 1331, iliyotoka kiwandani na farasi 135 na tabo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa) ndogo ya CT9. Naiondoa hiyo niweke TD04, ile inayokuja kwenye Subaru Forester, maana Forester zimejaa nchini na spea zake hazisumbui kupatikana. Mimi ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani. Vitu vidogo nanunua mwisho wa mwezi, vikubwa vinangoja zamu yangu ya mchezo wa kupeana pesa. Kwa mfuko wa namna hii, nunua kile unachoweza kukifunga wiki hii hii na gari ikaendelea kutembea. Tabo yenyewe inakuja mwisho.

Wengi huanza na tabo kwa sababu ndiyo inayopigwa picha. Halafu inakaa uvunguni mwaka mzima, hewa ya chumvi inaila, na zile siku za kujaribu ulizoandikiwa kwenye risiti zinaisha kabla haijaonja oili. Fundi wangu wa Makorora ana maneno yake: "Tabo ni mdomo tu, mwanangu. Chakula kiko wapi?"

Anza na injini uliyonayo. Pima kompresheni ya silinda zote nne, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Silinda moja ikiachwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, pesa yako ya kwanza iende huko. Kisha fungua uangalie kama themostati, vali inayodhibiti maji ya kupoza injini, ipo. Magari mengi ya huku yameng'olewa themostati na fundi aliyesema Pwani kuna joto, haina kazi. Irudishe. Bila hiyo injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani gari bado ya baridi na inazidisha mafuta, na vipimo vyote utakavyochukua baadaye vitakuwa vya uongo. Safisha rejeta na uweke kulanti, siyo maji ya bomba.

Inafuata geji ya presha ya tabo na ile ya mchanganyiko wa hewa na mafuta. Najua hazina utamu, ila zinafungwa leo, na utaanza kuijua tabia ya gari kabla hujaibadilisha. Baada ya hapo pampu ya mafuta ya lita 255 kwa saa, yenye waya wake wa umeme kutoka betri kupitia relei. Plagi zishuke joto hatua moja. Kwa NGK namba kubwa ndiyo ya baridi zaidi, kwa hiyo ya 6 inapisha ya 7. Breki na matairi sitavieleza. Kama vimechoka, acha kila kitu uanze navyo.

Nozeli, zile zinazonyunyizia injini mafuta, ndizo pekee ninazokubali zikae kabatini mpaka ununue kompyuta ya kupangika, kwa sababu nozeli kubwa kwenye kompyuta ya kawaida zitaizamisha injini kwa mafuta. Nenda dukani na mita yako ya umeme. Za upinzani mkubwa husoma omu 12 hadi 16, za upinzani mdogo omu 2 au 3. Upinzani wake ulingane na wa zile zilizomo kwenye gari yako, la sivyo unaweza kuunguza kompyuta.

Intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, ya Glanza imelala juu ya injini. Ya kuweka mbele, nyuma ya bampa, hupatikana kwenye nosi kati za Japani, yaani vipande vya mbele vilivyokatwa kwenye magari. Ijaze hewa ndani ya beseni la maji uone kama inatoa mapovu, na mwaga nje oili yote ya mwenyewe wa zamani.

Sasa tabo. Mimi naagiza kutoka maduka ya Ilala, inapakiwa kwenye basi naipokea stendi ya Kange, lakini kabla ya kutuma pesa nataka video. Muuzaji ashike ncha ya shafti na kuisukuma ndani na nje: isicheze hata kidogo. Kushoto na kulia ikicheza kidogo usiogope, maana shafti hiyo huelea juu ya oili na sasa ni kavu. Kinachoharibu biashara ni panga la feni kugusa ukuta. Azungushe polepole, taa ikimulika kingo za mapanga. Panga lililong'oka hata punje, achana nalo. Kisha amulike upande wa moshi, penye kijimlango cha kupunguzia presha. Nyufa hupenda kuanzia hapo. Ikifika, rudia ukaguzi huo huo mbele ya wakala wa basi, kabla hujasaini.

TD04 ya Subaru haikai kwenye manifoldi (bomba la kutolea moshi kwenye injini) ya Starlet. Mchonga vyuma akutengenezee bamba la kuunganisha, na apeleke manifoldi yenyewe kwenye mashine ili uso uwe bapa. Paipu ya kuleta oili iwe mpya; ya zamani huwa imeziba kwa masizi. Ya kurudisha oili iwe pana, iteremke moja kwa moja bila kona, iingie kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, juu ya usawa wa oili. Gundi ya gasketi isiguse njia hizo.

Kompyuta ya Starlet hukata mafuta presha ikipita kikomo chake. Wapo wanaofunga kidude cha kuidanganya. Mimi sikubali, baki na presha ya kiwandani mpaka mchezo ukurudie na ununue kompyuta ya kupangika, ile unayoweza kuibadilishia mipangilio.

Siku ya kuwasha, chomoa umeme wa plagi na wa nozeli, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike. Washa, acha isilense bila kukanyaga mafuta, kagua kila kiungo. Mzunguko wa kwanza nenda Pongwe urudi bila kukanyaga, kaza bolti za manifoldi injini ikishapoa, na ukifikisha kilomita 500 mwaga oili.