Mkiwa wabishi wa habari, nendeni pamoja mkatazame mchezo wa kuigiza

Kundi letu linabishana juu ya kila kinachotangazwa: uchaguzi, bajeti, vita vya mbali, waziri aliyejiuzulu na yule aliyekataa kujiuzulu. Tunataniana sana, na utani wenyewe una makali. Mimi ndiye ninayekusanya pesa za tiketi na kupanga siku ya kwenda ukumbini, na kuna jambo ningependa kila kundi la wabishi lilijue. Mabishano ya habari tupu huchosha upesi, kwa kuwa kila mtu anakuja na habari yake aliyoisoma mahali pake, na nusu ya muda mnagombania nani kasikia vizuri. Mkikaa safu moja mbele ya jukwaa moja kwa saa mbili, mnatoka wote mmeona tukio lilelile. Ubishi unapata pa kushikia.

Anza na kuchagua mchezo, na hapa usiwe na haraka. Wengi hutafuta mchezo unaotaja habari ya wiki hii. Mimi nashauri kinyume chake: tafuta mchezo wenye watu wawili wanaopingana, na kila mmoja ana haki kiasi cha kukutia mashaka. Antigone wa Sophocles, Mgiriki wa kale, ndio ninaoupendekeza kwanza kwa kundi lolote. Ndugu wawili wameuana vitani. Mtawala Creon anaamuru mmoja azikwe kwa heshima na mwingine, aliyeishambulia nchi, aachwe juu ya ardhi aliwe na ndege. Dada yao Antigone, mpwa wa Creon, anamzika kwa mikono yake. Mchezo una umri wa karibu miaka 2,500, lakini muulize rafiki yako kama mtu aliyeisaliti nchi anastahili mazishi, kisha usikilize sauti itakavyopanda.

Mchezo wa zamani au wa nchi ya mbali unasaidia kwa sababu hakuna anayeingia ukumbini akiwa ameshachukua upande. Waandishi wenyewe wamelijua hilo siku nyingi. Arthur Miller alipotaka kusema juu ya msako wa wakomunisti nchini Marekani, mwaka 1953 alileta jukwaani The Crucible, mchezo wa kesi za uchawi za Salem za mwaka 1692. Aeschylus, Mgiriki mwingine wa kale, aliandika juu ya vita ambavyo watazamaji wake walikuwa wamevipigana wenyewe, lakini mchezo wake Waajemi, wa mwaka 472 KK, aliuweka katika jumba la kifalme la adui, na Waathene walioshinda wakaketi kusikiliza maombolezo ya walioshindwa. Hebu fikiria kundi lako likifanyiwa hivyo kuhusu chama mnachokichukia.

Mkipendelea kicheko, Aristophanes, mwandishi wa vichekesho wa Athens, yupo. Mwaka 424 KK alimchana Cleon, mwanasiasa mwenye nguvu kuliko wote Athens wakati huo, hadharani kabisa. Ila kichekesho kizee kinataka waigizaji hodari. Uliza kwanza waliokwisha kuliona onyesho.

Tiketi na viti ni mambo mepesi. Nunueni pamoja ili mkae safu moja, na anayechelewa kila siku apewe kiti cha pembeni. Simu zizimwe kabisa, kwa maana mwanga wake unamfikia mwigizaji hata kama mlio hausikiki. Asiwepo wa kusimulia mwisho wa mchezo, hata kama uliandikwa kabla ya mababu wa mababu zetu kuzaliwa. Kuna rafiki yetu alinyimwa ladha yote ya Antigone namna hiyo, na bado tunamdai msamaha aliyemnyima.

Wakati wa mapumziko, kama yapo, sheria yangu ni moja: tunauliza, hatuhukumu. “Unadhani atarudi nyuma?” “Yule mtoto atasimama na baba au na mchumba?” Ukishatoa hukumu katikati, sehemu ya pili utaitazama kwa kutafuta ushahidi wa kujitetea.

Sasa mmetoka. Hapa ndipo patamu, na ndipo makundi mengi yanapoharibu. Msikimbilie habari. Kila mmoja ataje kwanza kitu kimoja alichokiona kwa macho: nani alisimama wapi, nani alinyamaza, nani alikataa kumtazama nani. Asiseme “ujumbe wa mchezo ni” chochote. Aseme alichokiona. Siku ya Antigone, rafiki yetu mhasibu, ambaye kwa kawaida haongei mpaka asukumwe, alimtaja mlinzi. Ni yule askari anayekuja kumwambia Creon kwamba maiti imefukiwa udongo. Hamwambii moja kwa moja. Anazunguka, anaeleza jinsi alivyotembea polepole, jinsi alivyogeuka njiani mara kadhaa, jinsi wenzake walivyopiga kura na yeye akaangukiwa na balaa la kuleta taarifa. Mhasibu akasema, “Mimi huyo namjua. Ndivyo tunavyopeleka hesabu mbaya kwa wakubwa.”

Basi habari zikaingia zenyewe, na ziliingia kwa mlango mzuri. Tulikuwa tumevutana wiki nzima juu ya takwimu ambazo viongozi walisema hawakuwahi kuzipata. Mwanasheria wetu, mtetezi mkubwa wa serikali yoyote iliyopo, akasema kiongozi hawezi kulaumiwa kwa asichoambiwa.

“Na nani aliyewafundisha walinzi kuogopa?” akauliza mwenzetu muuguzi.

“Sheria ikilegezwa kwa mpwa wake, kesho italegezwa kwa nani?” akajibu mwanasheria.

“Ndugu yangu, wewe na Creon mmenyonya ziwa moja.”

“Afadhali mimi. Wewe ungemzika hata ambaye hajafa.”

Tulicheka mpaka watu wakageuka. Lakini angalia kilichotokea: hakuna aliyeitwa mjinga wala aliyenunuliwa na chama. Wote wawili walikuwa wanarusha maneno kupitia watu wa jukwaani, na mtu akirushiwa Creon hudaka na kurudisha, ilhali akirushiwa tusi hununa. Tangu siku ile, anayechelewa kuleta habari mbaya kwenye kundi letu anaitwa Mlinzi, na muuguzi ndiye aliyeanza kuitwa.

Utani nao una mipaka yake, na ninaishikilia kwa dhati. Tania hoja ya mtu, tania namna yake ya kubisha, tania mfano aliouchagua. Usiguse msiba wake. Habari inayowaka kwako kama mjadala huenda kwa mwenzako ni ndugu aliyepoteza kazi au shemeji aliyeko kwenye nchi yenye vita. Ukiona mtu mwepesi wa kujibu amenyamaza ghafla, acha utani hapo hapo na umuulize habari zake, bila kungojea mwende faragha. Na mzaha ambao mara ya kwanza mwenyewe hakuucheka, usiurudie.

Ubishi ukikwama, badilishaneni pande. Mtetezi wa Creon amtetee Antigone kwa muda wa kutosha, kwa nguvu zake zote, na wengine wamhukumu akizembea. Kutoka hapo mnaweza kwenda mbali zaidi, kwa njia ya Augusto Boal, mwongozaji wa michezo ya kuigiza wa Brazili: katika jukwaa lake la mijadala, onyesho fupi juu ya dhuluma huchezwa, kisha linarudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kulisimamisha, akachukua nafasi ya anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Ifanyeni sebuleni. Mtu anayesema kila siku kwamba “wananchi wanyanyuke tu” asimame mbele ya mwenzake anayeigiza ofisa, tuone atasema nini. Nimeona wasemaji wakubwa wakikosa neno, na nimeona mpole wa kundi akimbana ofisa mpaka akatoa barua.

Katika kila kundi kuna anayesema hii yote ni michezo tu, siasa iko kwingine. Huyo mpe mambo mawili. Mwaka 1601, wafuasi wa mkuu wa Essex waliwalipa waigizaji wa kampuni ya Shakespeare shilingi 40 za ziada wacheze Richard II, mchezo wa mfalme anayevuliwa taji. Siku iliyofuata Essex aliingia mitaani London kuasi, na kabla ya mwezi huo kwisha alikuwa amekatwa kichwa. Na mwaka 1977, Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulichezwa Kamĩrĩĩthũ, Kenya, na wakulima na wafanyakazi wenyewe, kwa Kikuyu. Baada ya wiki chache serikali ikafuta kibali, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong’o akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima. Watawala waliona kitu pale.

Kama hakuna ukumbi karibu, au tiketi imepanda, someni mchezo kwa sauti nyumbani. Gaweni nafasi, na hapa mpangaji awe mkali: kila mtu apewe mhusika asiyekubaliana naye. Someni tukio moja tu, lile lenye mvutano. Kwa Antigone, chagueni pale Haemon, mwana wa Creon na mchumba wa Antigone, anapomwambia baba yake kwamba hakuna mji ulio mali ya mtu mmoja. Mkimaliza, rudieni mkiwa mmebadilishana vitabu.

Mchezo unaofuata achague yule aliyeongea kidogo kuliko wote. Kwetu sasa ni zamu ya mhasibu, na ameshasema anataka kichekesho.