Kibanda cha Kuchemshia Utomvu wa Mepo

Huko Vermont, Marekani, na Quebec, Kanada, ambako lita 40 hivi za utomvu wa mti wa mepo (maple) zikichemshwa hutoa lita 1 tu ya shira, karibu zote zilizosalia huondoka kama mvuke, na ndiyo maana kibanda hujengwa kwa kuufikiria mvuke kwanza. Simika nguzo nne imara, ezeka mabati yenye mteremko wa kumwaga theluji, kisha acha mwanya mpana kwenye kilele cha paa, juu ya sufuria, ukiufunika kwa kijipaa kilichoinuliwa. Meko yajengwe kwa matofali ya kuchoma, na bomba la moshi lisikaribie mbao hata kidogo. Shira huiva ikifika takriban nyuzi 104 za Selsiasi. Hapo matone kwenye ukingo wa mwiko huungana na kuning'inia kama utando.