Mkondo wa kusomwa tu: kulinda orodha ya viti vya basi kwa RxJS

Tuseme programu yako inakata tiketi za mabasi yanayotoka stendi ya Kange, Tanga, kwenda Dar es Salaam. Ramani ya viti, fomu ya malipo na kibao cha nafasi zilizobaki vyote vinasoma orodha moja. Orodha hiyo inakaa ndani ya `BehaviorSubject`, mkondo wa RxJS (maktaba ya JavaScript ya data inayokuja kwa mfululizo) unaotunza thamani ya mwisho. Huduma ikiwakabidhi wasomaji `BehaviorSubject` yenyewe, ukurasa wowote unaweza kusukuma thamani mpya kwa `next([])` na basi likaonekana limejaa, au kuufunga mkondo kwa `complete()` na orodha ikaganda mpaka programu ifunguliwe upya. Kumpata aliyefanya hivyo ni kazi ngumu mno, kwa hiyo funga mlango mapema:

```ts
class HudumaYaViti {
  readonly #wazi = new BehaviorSubject<readonly number[]>([]);
  readonly wazi$ = this.#wazi.asObservable();

  pakia(viti: readonly number[]) {
    this.#wazi.next([...viti]);
  }

  uza(namba: number): boolean {
    const vilivyopo = this.#wazi.value;
    if (!vilivyopo.includes(namba)) return false;
    this.#wazi.next(vilivyopo.filter(k => k !== namba));
    return true;
  }
}
```

`asObservable()` hutoa `Observable`, yaani mkondo wa kusomwa tu, usio na `next` wala `complete`. Mpangilio wa mistari miwili ya juu usiubadilishe: sehemu za klasi huandaliwa kuanzia juu kwenda chini, na `wazi$` ikitangulia itaikosa `#wazi`. Alama ya `#` tunaipendelea kuliko `private`, kwa kuwa `private` ya TypeScript hukagua wakati wa kukompaili tu. Programu ikishaanza kukimbia, ulinzi huo haupo. Vivyo hivyo, kuandika aina ya `Observable` bila kuita `asObservable()` hakufichi kitu: aliye nyuma yake bado ni `BehaviorSubject` ileile.

Usiiite `asObservable()` ndani ya geta (funkisheni inayoitwa kila sifa inaposomwa). Kila wito huzaa mkondo mpya, na kwenye Angular (fremuweki ya kurasa za wavuti) paipu ya `async`, inayosoma mkondo na kuuonyesha ukurasani, itajitoa na kujiunga upya kila ukurasa unapokaguliwa.

Kosa linalowapata wengi liko kwenye kupakia. Ukiandika `http.get(...).subscribe(this.#wazi)`, jibu likifika mkondo wa HTTP hukamilika na kuikamilisha `#wazi` pamoja nao, `next` zote zinazofuata hupotea kimya kimya. Pitisha thamani peke yake: `subscribe(v => this.pakia(v))`, na makosa yashughulikiwe kwa `catchError`, opereta ya RxJS ya kunasa makosa.

Mkondo kufungwa hakumaanishi kilichomo kimefungwa. Orodha ya kawaida msomaji angeweza kuipunguza kwa `splice`, inayobadilisha orodha yenyewe, na huduma isijue. Ndiyo sababu ya `readonly number[]`, na ya kutoa orodha mpya kila kiti kinapouzwa. Hata hivyo `uza` inalinda kifaa kimoja tu. Mawakala wawili wakigombea kiti namba 14, seva ndiyo iamue.

Mwisho, weka kwenye majaribio funkisheni isiyoitwa, yenye mstari `huduma.wazi$.next([])`, na juu yake `// @ts-expect-error`, inayoiambia kompaila kwamba mstari unaofuata lazima uwe na kosa. Siku mtu atakapoufungua mkondo huo, kompaila itagoma.