Namna ya kubishana kuhusu usajili wa timu yako ya besiboli

World Series, fainali ya MLB (ligi kuu ya besiboli ya Amerika Kaskazini), ikimalizika, kila mchezaji aliyefikisha miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu na ambaye mkataba wake umekwisha anakuwa mchezaji huru. Siku 5 baadaye anaweza kusaini na timu yoyote kati ya 30, na hapo ndipo mashabiki hupandishiana sauti: tumelipa mno, tumelala, mzee huyu wa nini. Ubishi huo mara nyingi haufiki popote kwa sababu kila mtu ameshika namba moja, jumla ya dola, na hiyo ndiyo namba yenye maelezo machache kuliko zote. Swali la kubishania ni hili: kwa kumchukua huyu badala ya yule tuliyenaye, tutashinda mechi ngapi zaidi, na tumetoa nini ili tumpate? Hatua zinazofuata zinakusaidia kulijibu.

Kwanza, pasua mkataba

Usitoe maoni kabla hujajua mambo matano: idadi ya miaka, wastani wa mwaka, vipengele vya kujitoa au kuongeza mwaka, malipo yaliyoahirishwa, na kama mchezaji alikataa ofa maalumu ya timu yake ya zamani. Kurasa za Cot's Contracts na Spotrac huweka maelezo haya siku chache baada ya habari kutoka. Habari ya kwanza kabisa huwa na miaka na jumla tu, na vipengele hufuata taratibu, kwa hiyo anayehukumu saa ile ile anahukumu nusu ya mkataba.

Malipo yaliyoahirishwa ndiyo huchanganya watu zaidi. Desemba 2023 Shohei Ohtani alisaini na Dodgers miaka 10 kwa dola milioni 700, lakini milioni 680 kati ya hizo zinalipwa kuanzia 2034 hadi 2043, na wakati wa kucheza anapokea milioni 2 kwa mwaka. Dola ya miaka kumi ijayo haina thamani ya dola ya leo, ndiyo maana ligi inauhesabu mkataba ule kwa takriban milioni 46 kwa mwaka, si 70. Mkataba wa Juan Soto na Mets wa Desemba 2024, miaka 15 kwa milioni 765, hauna hata senti iliyoahirishwa. Ukiilinganisha mikataba hii miwili kwa jumla zake, utadhani tofauti ni milioni 65 tu. Ukirudisha malipo ya Ohtani kwenye thamani ya leo, Soto amelipwa zaidi kwa mbali sana.

Vipengele vya kujitoa navyo visome kwa jicho la timu. Mchezaji akiwa na haki ya kuvunja mkataba baada ya mwaka mmoja au miwili, timu inabeba hatari ya upande mmoja: akifanya vizuri anaondoka kutafuta fedha zaidi, akiumia anabaki. Blake Snell alishinda Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, mwaka 2023, akasubiri hadi Machi 2024, kisha akasaini na Giants miaka 2 kwa milioni 62 akiwa na haki ya kujitoa baada ya msimu wa kwanza. Alianza vibaya na kuumia, akarudi, na Agosti 2, 2024 akamaliza mechi nzima dhidi ya Reds bila kuruhusu hiti (mpigo unaomfikisha mpigaji kwenye besi) hata moja. Msimu ulipoisha alijitoa na kwenda Dodgers kwa miaka 5 na milioni 182. Anayesema Giants walikuwa wamemfunga mrushaji huyo kwa miaka 2 hakuwa amesoma mkataba. Wakati mwingine timu nayo hujiwekea kinga. Soto anaweza kujitoa baada ya msimu wa 2029, lakini Mets wakiamua kumwongezea milioni 4 kwa kila mwaka uliobaki, haki hiyo inafutika.

Na usishangilie kabla ya vipimo vya afya. Desemba 2022 Carlos Correa alikubaliana na Giants miaka 13 kwa milioni 350. Madaktari wakaingiwa na shaka na mguu wake, akahamia makubaliano ya miaka 12 na milioni 315 na Mets, nayo yakakwama kwa sababu ile ile, hatimaye Januari 2023 akarudi Twins kwa miaka 6 na milioni 200. Mkataba ambao timu haijautangaza yenyewe bado ni makubaliano ya mdomo.

Kadiria atacheza vipi, usitazame alivyocheza tu

Timu hainunui msimu uliopita. Kipimo cha kuanzia ni WAR, yaani mechi za ziada ambazo mchezaji anaipa timu ukilinganisha na mbadala wa bei ya chini anayepatikana kwa urahisi kutoka ligi za chini. Chukua misimu 3 ya karibuni na uipe uzito wa 5, 4 na 3, mkubwa kwa msimu wa mwisho. Mpigaji mwenye WAR 5.0 mwaka huu, 3.0 mwaka uliotangulia na 2.0 kabla ya hapo anapata 43 kugawanywa kwa 12, takriban 3.6. Punguza kidogo kwa sababu wachezaji wengi hurudi karibu na wastani, uandike 3.5. Hapo tayari umemshinda mwenzako aliyeibandika ile 5.0 kwenye kila mwaka wa mkataba.

Sasa umri. Kwa mchezaji aliyevuka miaka 30, ondoa 0.5 kila mwaka. Tuseme huyu ana miaka 31 na amesaini miaka 5 kwa milioni 125. Makadirio yake ni 3.5, 3.0, 2.5, 2.0 na 1.5, jumla 12.5. Gawanya milioni 125 kwa 12.5 upate milioni 10 kwa kila mechi ya ziada. Wachambuzi wengi huweka bei ya soko kwenye milioni 8 hadi 9 hivi, kwa hiyo timu imelipa juu ya soko, lakini si wizi. Ongeza mwaka wa sita wenye WAR 1.0 kwa milioni 25 nyingine na hesabu inaharibika: mechi ya ziada ya mwaka ule inagharimu mara mbili na nusu ya wastani wa miaka mitano ya mwanzo. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba miaka ni ya kuogopwa kuliko wastani wa mwaka. Timu inayokubali milioni 30 kwa mwaka kwa miaka 3 mara nyingi imefanya biashara bora kuliko inayotoa milioni 22 kwa mwaka kwa miaka 6.

Kuna makosa manne ya mara kwa mara katika hatua hii.

Warushaji wana WAR mbili tofauti. Tovuti ya Baseball Reference huanza na pointi zilizofungwa, ya FanGraphs huanza na FIP, kipimo kinachotazama straikiauti (wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu), homurani, besi za bure na wapigaji waliogongwa na mpira. Mrushaji mwenye ERA (pointi zinazohesabiwa kuwa zake kwa kila iningi 9) ya 2.80 na FIP 3.90 ataonekana nyota upande mmoja na wa kawaida upande mwingine. Mkibishana, kubalianeni kwanza mnatumia ipi. Kwa kutabiri msimu ujao, mimi naiamini FIP zaidi, kwa sababu ERA ya msimu mmoja inabeba bahati na walinzi waliokuwa nyuma yake.

Uwanja hudanganya. Coors Field ya Denver, nyumbani kwa Rockies, iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, mpira unaruka mbali na mpira uliozungushwa haupindi ipasavyo. Usimsajili kichwani mpigaji wa Rockies kwa wastani wake wa nyumbani, wala usimkatae mrushaji wao kwa ERA yake. Tumia wRC+, kipimo cha jumla cha upigaji, kwa wapigaji, kwani imesahihishwa kwa uwanja na 100 ndiyo wastani wa ligi: 125 ni asilimia 25 juu ya wastani, popote alipopiga.

Bahati ya mpigaji. Asilimia ya mipira iliyochezwa ikageuka hiti huzunguka .300, yaani 30 kwa mia, kwa ligi nzima. Mpigaji aliyefika .360 katika mwaka wa mwisho wa mkataba wake huku kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo lake ikiwa ile ile ya zamani atashuka. Statcast, mfumo wa ligi wa kufuatilia mpira, hupima kasi hiyo katika viwanja vyote tangu 2015, na mpira wenye maili 95 kwa saa au zaidi ndio huhesabiwa kuwa umepigwa kwa nguvu. Kiwango hicho kikiwa kimepanda kweli, mpe heshima yake.

La nne ni nafasi ya ulinzi. Shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) wa miaka 30 hatakuwa shotistopu akifika 37. FanGraphs huongeza pointi 7.5 kwa msimu kwa anayelinda nafasi hiyo na hupunguza 12.5 kwa anayelinda besi ya kwanza. Pointi 10 ni kama mechi moja, kwa hiyo kuhamishwa kule kunakula takriban mechi 2 katika kipengele cha nafasi pekee, hata akiendelea kupiga vile vile. Katika mikataba mirefu, uliza atalinda wapi mwaka wa mwisho.

Afya ihesabiwe peke yake, kwa idadi ya mechi au iningi. Anthony Rendon alipata miaka 7 na milioni 245 kutoka Angels Desemba 2019, na tangu 2020 hadi 2024 hakuwahi kuvuka mechi 58 kwa msimu.

Kisha gharama halisi

MLB haina kikomo cha mishahara. Ina kodi ya ushindani, ambayo wengi huiita kodi ya anasa. Mwaka 2026 mstari wake ni milioni 244, na hesabu hutumia wastani wa mwaka wa kila mkataba kwa wachezaji 40 wa orodha, pamoja na mafao, si mishahara ya wale 26 unaowaona uwanjani. Anayevuka kwa mara ya kwanza hulipa asilimia 20 ya ziada, mwaka wa pili mfululizo 30, wa tatu na kuendelea 50. Mstari ukivukwa kwa milioni 20 hadi 40, asilimia 12 nyingine hupanda juu ya sehemu hiyo, na zaidi ya hapo viwango vinazidi kupaa. Kuanzia milioni 40 juu ya mstari, nafasi ya kwanza ya timu kwenye drafti, zamu za kuchagua vijana wapya, inasukumwa nyuma kwa hatua 10.

Mfano: timu iko kwenye milioni 250, ni mwaka wake wa tatu wa kulipa kodi, inasajili mchezaji wa milioni 25. Nusu yake ni milioni 12.5. Sasa iko milioni 31 juu ya mstari, kwa hiyo milioni 11 zinatozwa asilimia 12, yaani milioni 1.32. Mchezaji wa milioni 25 amegharimu milioni 38.82. Kwa timu iliyo kwenye milioni 200, gharama ni zile zile 25. Mtu akisema bei ni nzuri, muulize ni nzuri kwa timu ipi.

Ofa maalumu ya mwaka mmoja huongeza gharama isiyoonekana. Kwa msimu wa 2026 ilikuwa milioni 22.025. Mchezaji akiikataa, timu mpya inapoteza nafasi kwenye drafti: iliyolipa kodi hupoteza ya pili na ya tano pamoja na milioni 1 ya bajeti ya wachezaji wa kimataifa, inayopokea mgao wa mapato hupoteza ya tatu, nyingine hupoteza ya pili na nusu milioni. Mchezaji aliyeuzwa katikati ya msimu hawezi kupewa ofa hiyo, wala aliyewahi kuipata zamani, kwa hiyo nyota wa namna hiyo ni nafuu kuliko anavyoonekana. Wanaotoka Japani kwa mfumo wa kutangazwa huleta ada kwa timu yao ya zamani: asilimia 20 ya milioni 25 za kwanza, 17.5 ya milioni 25 zinazofuata, na 15 ya zinazobaki. Kwa mrushaji Yoshinobu Yamamoto na milioni 325 zake, Dodgers waliongeza takriban milioni 50.6.

Wako watakaosema si pesa yetu, ni ya mwenye timu. Kweli, lakini uongozi karibu wowote huwa na bajeti yake, na dola zilizofungwa kwa mtu wa miaka 38 ndizo zitakazokosekana kijana wenu akidai mkataba mrefu. Hoja hiyo ina nguvu pale tu mwenye timu ameonyesha kwa vitendo kwamba kodi haimzuii.

Nani anakaa benchi?

Hatua hii inarukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua. Mchezaji wa WAR 3.5 anayemtoa kijana wa WAR 2.0 anayelipwa karibu na kima cha chini ameongeza mechi 1.5, si 3.5. Akimtoa mtu wa sifuri, ameongeza zote. Mchezaji yule yule, kwa bei ile ile, anaweza kuwa usajili bora wa timu moja na upotevu kwa nyingine.

Angalia pia mlipo. Tangu 2022 timu 12 huingia mtoano. Timu inayokadiriwa kushinda mechi 86 ikiongeza 3 imebadilisha msimu wake. Inayokadiriwa 70 ikifika 73 imejipatia nafasi mbaya zaidi kwenye drafti.

Unapobishana, andika makadirio yako Novemba, kabla mchezaji hajasaini: miaka, dola, na WAR ya mwaka wa kwanza. Mechi za mazoezi ya maandalizi usizihesabu kabisa, na Aprili isitumike kumzika mtu. Matokeo pekee hayatoshi kuhukumu uamuzi. Mrushaji Max Scherzer alipewa na Nationals miaka 7 na milioni 210 akiwa na miaka 30, akashinda Cy Young 2 akiwa nao na World Series ya 2019. Mpigaji Albert Pujols alipewa na Angels miaka 10 na milioni 240, na wastani wake wa kupiga ukashuka kutoka .328 aliokuwa nao Cardinals hadi .256. Wote walikuwa wamevuka au wanakaribia miaka 31. Tofauti iliyokuwa mezani siku ya kusaini ni kwamba takwimu za Pujols zilikuwa zimeshuka misimu miwili mfululizo, na mkataba wake ulikuwa mrefu kwa miaka 3.